Fundi Aliniomba Msamaha kwa Gurudumu Nililolifunga Mimi

Nina umri wa miaka arobaini na minne, ndugu msomaji. Nina mke mmoja, watoto wanne, na aibu moja. Watoto nimewahesabu mara mbili. Aibu haina haja ya kuhesabiwa... inajihesabu yenyewe kila Jumapili asubuhi, kengele ya kanisa letu inapolia.

Mimi ni mtu wa Bukavu. Niliingia Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, mtoto wangu wa kwanza akiwa bado anabebwa mgongoni. Leo ana ndevu. Anaitwa Ushindi, ndiyo maana watu wananiita Papa Ushindi. Nisipokuwepo wananiita Papa Punguza. Jina hilo nalijua, na zamani nililifurahia! Sijawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Hata mahari nilipatana mpaka mjomba wa mke wangu akatoka nje kutafuta hewa.

Nilikuwa na kilori kidogo, kuukuu, ambacho nilikinunua kikiwa maiti. Aliyekifufua ni Fundi Murhula.

Murhula ni nani kwangu? Tulitoka mji mmoja. Miezi ya kwanza ya kambi tulilala chini ya turubai moja, yeye na mkewe upande huu, sisi upande ule. Siku ya ubatizo wa Ushindi ndiye aliyemshika mtoto mbele ya kanisa. Gereji hakuwa nayo. Gereji yake ilikuwa sanduku la mbao: spana, nyundo, tindo za kukatia chuma, jeki inayovuja mafuta, na bomba refu alilolichomeka kwenye mkono wa spana nati inapokuwa na kiburi. Anakuja kwako nyumbani, anatandika gunia chini ya gari lako, na jioni gari linatembea.

Tena alikuwa na desturi moja. Kila kifaa cha zamani alichokitoa, alikifuta kwa kitambaa na kukiweka mkononi mwako. "Ya zamani njo hii," alisema. "Ya mupya iko mule ndani. Usiende kusema kama Murhula alikuibia."

Ikumbuke desturi hiyo, msomaji. Ndiyo iliyoninyonga.

Mke wangu, Mama Ushindi, ni fundi wa nguo. Yeye na wenzake watatu wana chama cha kushona. Mwaka huo walipata kazi ya sare za shule moja huko Area 47, Lilongwe. Walishona mpaka macho yakawa mekundu. Siku ya kupeleka ilipangwa iwe Alhamisi asubuhi, na lori la kupeleka lilikuwa langu. Walitakiwa pia kubeba cherehani zao, ili wapunguze na kurefusha papo hapo, watoto wakijaribu sare. Na shule ilisema wazi: msipofika asubuhi, tunamwita mwingine.

Jumatatu ya wiki ile, gurudumu la nyuma kushoto likaanza kunguruma. Nikajaribu dawa yangu ya kawaida, yaani kuongeza sauti ya redio. Haikusaidia! Murhula akaja, akainua lori kwa jeki pale uani kwangu, akaegemeza gogo chini ya ekseli, akazungusha gurudumu kwa mkono. Likalia kama mtu anayetafuna changarawe.

Akanieleza, nami nawaeleza ninyi kwa sababu kisa chote kimekaa hapo. Ndani ya gurudumu mna beringi mbili, kubwa na ndogo. Kila beringi ina sehemu mbili: ya ndani, yenye vyuma vidogo vinavyoviringika, na pete ya nje, pete ngumu ya chuma iliyokazwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Vyuma vile vinakimbia juu ya ile pete. Pete ikiwa imelika, hata uweke vyuma vipya namna gani, vitakufa pamoja nayo. Kwa hiyo zinabadilishwa zote. Na pete ya zamani haitoki kwa maneno. Inatoka kwa tindo na nyundo, kidogo huku, kidogo kule, mpaka iachie.

Jumanne nikashuka Lilongwe, nikaenda Kawale kwa muuzaji wa vipuri. Nilipatana naye mpaka jua likahama upande wa pili wa banda. Nikamwambia aniuzie za ndani tu, pete abaki nazo, apunguze bei. Akanitazama kama mgonjwa. Akasema, "Achimwene, ndugu yangu, wewe ukioa unachukua mke na kumwachia baba yake kichwa?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini kabla ya kuondoka nikamfunga na ahadi: nikimrudishia pete moja mpya, haijaguswa, ndani ya karatasi yake ya mafuta, atanipa kitu kidogo. Akasema lete tutaona.

Unaona? Mbegu niliipanda mwenyewe, nikaimwagilia maji.

Jumatano asubuhi Murhula akaanza kazi. Beringi kubwa aliibadilisha yote, na kila pigo la nyundo lilisikika mpaka barabarani. Pete ya zamani akanipa mkononi, imechubuka kama goti la mtoto. Pete mpya akaigonga taratibu, akiweka tindo pande zote ikae sawa, kwa sababu mashine ya kukandamiza hatuna. Mashine yetu ni subira. Saa sita mchana akahamia kwenye beringi ndogo. Pete yake ilikuwa imeshika kama imezaliwa humo.

Akainua nyundo... na ng'ambo ya ua wetu kilio kikaanza.

Bibi wa nyumba ya jirani alikuwa amefariki. Mrundi yule mzee, aliyetugawia mbegu za maharage mwaka wetu wa kwanza. Sasa, mtaani kwetu kuna Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda, na tunabishana juu ya mambo yote isipokuwa hili: maiti akiwa ndani hajazikwa, hakuna nyundo, hakuna kinu, hakuna redio. Chuma kinanyamaza. Ukigonga, umempiga marehemu.

Murhula akaiweka nyundo chini kama mtu anayelaza mtoto. Akasema kwa sauti ndogo, "Papa Ushindi, hapa tunaacha. Mama ya batu iko mule ndani. Kesho, kisha mazishi, nitamaliza."

Nikamwambia kesho asubuhi ni safari ya akina mama. Akasema basi tuwaombe watu wa shule watungojee mpaka jioni. Nikamwambia wale hawangoji. Akatikisa kichwa, akanawa mikono, akaenda matangani. Mama Ushindi naye akajifunga kitenge, akaenda.

Nikabaki peke yangu na gurudumu.

Nini kilinishika, ndugu zangu? Haraka? Ndiyo. Lakini nisijipambe: haikuwa haraka tu. Niliichukua ile pete mpya ndogo, inang'aa ndani ya karatasi yake, nikasikia sauti ya yule muuzaji wa Kawale: lete tutaona. Nikaingiza kidole ndani ya kitovu, nikaipapasa pete ya zamani. Ilikuwa na vishimo, kama uso wa mtu aliyeugua tetekuwanga. Nikajiambia vishimo hivyo ni vidogo. Nikajiambia ni safari moja tu, kwenda na kurudi. Nikajiambia sitamwudhi marehemu kwa nyundo!

Tazama nilivyokuwa mwema. Nilimheshimu aliyekufa, nikawafunga walio hai kwenye gurudumu bovu.

Nikapaka grisi vyuma vipya, nikaviingiza ndani ya pete ya zamani. Nikakaza nati, nikazungusha, nikalegeza kidogo, kama nilivyomwona Murhula akifanya. Kazi yote haikutoa sauti. Nati za gurudumu nikazihesabu mara mbili. Pete mpya nikaifunga katika karatasi yake, nikaisukuma chini ya kiti cha abiria ndani ya lori. Jioni nikaenda matangani, nikakaa karibu na Murhula, tukaimba naye nyimbo za maombolezo. Niliimba vizuri sana.

Asubuhi, akina mama walipokuwa wakipakia mizigo, Murhula akatokea na macho yasiyolala. Akaliona gurudumu liko mahali pake. Akasimama.

"Ulitoa pete namna gani? Nyundo sikusikia."

"Moto, bwana," nikasema. "Niliwasha makaa karibu ya kitovu, chuma ikafunguka. Pete ikatoka yenyewe kama jino ya mutoto."

Akafikiri. Jambo hilo linawezekana, mafundi wanalifanya. Kisha akanyoosha mkono. "Iko wapi? Nione."

Ile desturi yake! Kiganja kilikuwa wazi mbele yangu, kinangoja kifaa cha zamani. Nami kifaa cha zamani kilikuwa ndani ya gurudumu.

"Nilishaipeleka kanisani," nikasema. Mdomo wangu uliongea kabla sijauruhusu. Kengele yetu ilikuwa rimu kuukuu ya gari, na wezi walikuwa wameiiba. "Si uliona bezi baliiba ile rimu ya kengele? Nikasema hii pete itafaa."

"Ile asubuhi yote ulishafika kanisani?"

"Mungu anaamkaka mapema."

Akina mama wakacheka. Murhula hakucheka, ila hakubisha. Akasema tu kwamba atakuja nasi, akae nyuma juu ya mizigo, aangalie ile beringi kubwa itakavyoenda. Mke wangu alisita. Aliona vibaya kuondoka mtaani siku ya mazishi. Nikamwambia mazishi ni mchana, tutarudi kabla. Akapanda mbele pamoja nami. Wenzake wawili wakapanda nyuma na Murhula, katikati ya mabunda ya sare na cherehani. Wa tatu alibaki kutuwakilisha matangani.

Tulipofika kwenye njia panda ya barabara kuu, Murhula akagonga paa. Nikasimama. Akashuka, akaweka kiganja juu ya kitovu cha gurudumu, akakitoa haraka.

"Papa Ushindi, iko nachoma!"

"Hata nsima ikitoka kwa sufuria inachoma. Ni ya mupya, ikizoea itapoa."

"Tufungue. Nitafanya mbio."

Nikatazama saa. Nikawatazama akina mama. Kisha nikasema neno ambalo leo ningelilipa kwa lori jingine ili lirudi kinywani. Nikasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Unataka kufungua ili ulipwe kufungua, kisha ulipwe kufunga? Bwana Murhula, mimi si mugeni wa soko!"

Wakacheka tena. Yeye akainama. Nilimsikia akijisemea mwenyewe, "Labda ile kubwa niliipiga pembeni..." Akapanda. Alipanda kwa sababu mimi ni ndugu yake na nimesema twende. Mungu wangu!

Mji ulikuwa karibu. Tulikuwa tunateremka, nikiwaza barabara ya kupitia ili baadaye nipite Kawale. Ghafla nikaona magurudumu mawili yaliyoshikana, kama yale ya nyuma ya malori, yanatupita upande wa kushoto, yanakwenda yenyewe, kama mtu mwenye haraka kuliko sisi. Msiniulize kwa nini, lakini wazo langu la kwanza lilikuwa hili: pole yake, kuna mtu amepoteza gurudumu.

Kisha mkia wa lori ukaanguka chini. Chuma kikalia juu ya lami, cheche zikaruka, usukani ukanitoka. Tukaingia mtaroni tukalala ubavu.

Mke wangu alichubuka paji la uso. Akina mama wawili waliangukia juu ya mabunda ya sare. Sare za watoto wa watu ndizo zilizowaokoa. Lakini Murhula alikuwa ameshikilia ubao wa lori kwa mkono wa kulia, na cherehani, ile nzito ya zamani, ya chuma kitupu, iliangukia juu ya mkono huo.

Sitaieleza. Nitasema tu kwamba hakupiga kelele. Aliniita mara moja, "Papa Ushindi," kama mtu anayeuliza njia.

Katika hospitali kubwa ya Lilongwe walimkata vidole viwili. Cha tatu kilibaki, lakini kama tawi kavu. Mkono wa kulia, wa fundi! Bibi yetu jirani alizikwa bila sisi.

Siku ya pili nikaenda kumwona. Nilikuwa nimepanga njiani maneno ya kusema. Nitasema ukweli... nitasema nusu... nitaanzia wapi? Nilipokaa kando ya kitanda chake, akanitangulia. Alikuwa analia.

"Papa Ushindi, unisamehe. Ni mimi. Ile beringi kubwa, niliipiga vibaya, iliingia pembeni. Niliua lori yako. Ningeua Mama Ushindi. Unisamehe, ndugu yangu."

Msomaji, ungefanya nini? Usinijibu haraka! Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Maneno yangu yalikuwa tayari. Na mimi, mtu ambaye maisha yangu yote sijawahi kupokea bei ya kwanza... bei hii niliipokea bila kubisha. Nikaweka mkono wangu juu ya bega lake. Nikasema, "Nimekusamehe."

Nilimsamehe! Kwa kosa langu! Na akanishukuru.

Kutoka hapo uongo ulitembea kwa miguu yake. Nilivuta lile lori haraka mpaka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu huko Kauma, kabla mtu yeyote hajachungulia ekseli. Fedha nikaipeleka kwa akina mama, ifidie sehemu ya cherehani zao. Wakanisifu kwa moyo mzuri. Kambini maneno yakawa mawili: wengine walisema marehemu alikasirika, wengine walisema fundi amezeeka. Nilitingisha kichwa kwa huzuni upande wowote ulioongea.

Wazee wa jamii wakatuita. Murhula akasimama, mkono umefungwa kitambaa cheupe mpaka kiwiko, akarudia kwamba kosa ni la nyundo yake. Akasema fedha hana, ila hataki deni la ndugu. Mkewe akaleta lile sanduku la mbao, akaliweka mbele ya miguu yangu.

Ningeweza kusema hapana. Hata mwizi angesema hapana. Mimi nikafungua kifuniko, nikahesabu spana... kisha nikazihesabu tena. Mbele yake! Mazoea, msomaji. Mkono ulihesabu, na roho ilikuwa inatazama kando.

Ilibaki pete. Niliikuta chini ya kiti cha abiria siku ile ya mtaro, katika karatasi yake, haina hata mkwaruzo. Kitu pekee kilichotoka salama kabisa. Nilisema iko kanisani, basi ilibidi iende kanisani. Niliitia ndani ya moto na mafuta machafu mpaka ikawa nyeusi, nikaipaka rangi ya buluu iliyobaki ya mlango, nikampelekea mchungaji. Nikasema ni pete ya zamani, nilichelewa tu kuitoa, sasa naitoa iwe shukrani kwa kuwa Mungu ametuokoa. Wakaitundika nje kwa waya. Mchungaji akaigonga, na sauti ikatoka safi, ndefu, ikapita juu ya mabati yote ya mtaa. Kanisa likapiga makofi. Walinipigia mimi makofi!

Na kwa kuwa Murhula hakuweza tena kushika spana, kanisa likamtafutia kazi ndogo ya kufagia na kugonga kengele. Kila Jumapili asubuhi alisimama chini ya pete yangu, akaigonga kwa kijiti, kwa mkono wa kushoto. Nyundo niliyokwepa kuipiga siku ya matanga, ikawa inapigwa juu ya kichwa changu wiki hadi wiki.

Mtu akimletea habari ya gari, yeye mwenyewe alimfukuza. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia kijana wa Uvira mwenye gari dogo, "Usiniulize mimi. Huu mukono uliua lori ya mwenzangu." Kijana akaniangalia, akanipa pole. Nikaipokea na hiyo.

Ungedhani hapo ndipo nilipovunjika. Hapana. Nilivunjika kwa jambo dogo zaidi.

Jumamosi moja mchana Murhula akabisha hodi. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi. Akaniuliza hali, akauliza watoto, akauliza hata mguu wangu ambao ulikuwa haunisumbui. Kisha akasema, macho chini, "Papa Ushindi, ile kengele, kijiti kinaua sauti. Naomba uniazime nyundo. Ya kesho tu. Nitairudisha."

Aliniomba kuazima nyundo yake mwenyewe!

Nikaenda chumbani, nikavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Mpini wa nyundo ulikuwa umelika mahali vidole vyake vilipokaa miaka yote. Vidole vile viwili vilikuwa na nafasi zake pale kwenye mti... mashimo mawili laini. Nikaweka vidole vyangu. Havikuenea.

Nikamletea. Akaipokea kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia akiutegemeza chini ya kiwiko kwa heshima, kama mtu anayepewa kitu cha bosi. "Aksanti sana, ndugu yangu." Akaondoka.

Nikamfuata. Sikuvaa viatu, niligundua baadaye. Nilimkuta chini ya kengele, anajaribu. Nikamwambia, "Murhula, usiipige. Ngoja." Na nikasema yote, hapo hapo, nimesimama vumbini: pete ya zamani iliyobaki ndani, pete mpya chini ya kiti, Kawale, moto ambao sikuwasha, rangi ya buluu.

Nilingoja anipige. Nyundo alikuwa nayo mkononi!

Akaiweka chini. Kisha akauliza neno ambalo sikulitegemea. "Njo kusema... ile kubwa niliiweka sawa?"

"Uliiweka sawa."

"Haikuingia pembeni?"

"Haikuingia pembeni, Murhula. Kazi yako ilikuwa sawa."

Akakaa chini. Akautazama ule mkono wake mbovu, akaugeuza huku na huku, akaupapasa kama unavyompapasa mtoto uliyemchapa bure. "Vidole vilienda, niliona vikienda," akasema. "Lakini huu mukono... kila siku niko nautukana. Kila siku! Na haukukosa kitu."

Akalia. Nikalia. Nikapiga magoti, nikamwomba msamaha. Akafuta uso, akaniambia niyaseme hayo kesho mbele ya kanisa, palepale nilipopigiwa makofi.

Na mimi, ndugu msomaji... ona jinsi mtu asivyobadilika kwa siku moja! Nikamwambia, kwa nini tusianze na wazee kwanza? Au mchungaji peke yake? Au niandike, usomewe mkutano nisipokuwepo?

Murhula akasimama. "Papa Punguza," akasema. Mara yake ya kwanza kuniita hivyo usoni. "Hapa hakuna kupatana."

Jumapili nikasema. Sitawaeleza nyuso za watu. Mama Ushindi alisimama katikati ya akina mama akauliza swali moja tu, "Ile pete ilikuwa chini ya kiti nilichokalia mimi?" Nikasema ndiyo. Akaketi. Chakula alinipikia siku zote zilizofuata, ila nilikula na ukuta. Wale wenzake walirudisha sifa zao zote, na nyongeza.

Sanduku nilimrudishia siku hiyo hiyo. Sikuhesabu. Alilipokea sanduku, mkono wangu hakuupokea. Sasa anakaa kwenye kiti mbele ya nyumba yake, watu wanamletea magari tena, na yeye anaelekeza vijana wapige wapi na waache wapi. Kazi ya kuinua, kubeba na kulala chini ya magari yenye matope ni yangu. Hakuniajiri. Nilikwenda tu, na hajanifukuza.

Mchungaji alitaka kuishusha ile pete, akisema ni sadaka ya uongo. Murhula akakataa. "Iachwe," akasema. "Chuma haikukosa kitu."

Juzi tukiwa tunanawa grisi kwa sabuni ya unga, nikapata ujasiri. Nikamwuliza kama sasa amenisamehe. Alisugua kiganja chake taratibu, pale palipobaki vidole na pale pasipobaki.

"Papa Ushindi," akasema, "we ulishanisamehe, ile siku ya hospitali. Umesahau? Zamu yangu bado haijafika."

Basi nawaombeni, ninyi mnaosoma. Mtu akija kwako analia, anakuomba msamaha kwa jambo ambalo wewe unajua ni lako, usiupokee! Mzuie kabla hajamaliza neno. Mimi niliupokea mara moja, na tangu siku hiyo natafuta wa kumrudishia. Na chuma kilicholika, kitoe chote, hata kama kitakuchelewesha mpaka baada ya mazishi.

Jumapili naenda kanisani mapema kuliko wote. Naketi karibu na dirisha, mahali kengele inapolia kwa nguvu zaidi. Nangoja zamu yake.